Sifongo wa Malagarasi

Katika himaya ya Mwami Kiboko, iliyoanzia vilima vya Gombe ikateremka na ufukwe hadi mdomo wa mto Malagarasi, sifa ya kwanza ya raia mwema ilikuwa kurudisha. Aliyeazima jembe alirudisha. Aliyeokota kasia alirudisha. Na waliotukuzwa kupita wote walikuwa Kaa wa Ilagala, kwa sababu wao walirudisha sabuni.

Sabuni hiyo ilipikwa na Bibi Sokwe kule Gombe, katika nyumba kubwa kuliko zote za himaya. Alimimina mawese mekundu chunguni, akaongeza maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi, akakoroga kwa mwiko mrefu mpaka wekundu ukapauka na uji ukaanza kuvuta. Alidondosha tone kiganjani, akalisugua. Likitoa povu, basi imeiva. Kisha aliitia kibuyuni, akakining'iniza darini kikisubiri saa ya chakula.

Saa hiyo ilijulikana kwa harufu. Mitumbwi ilipofika Kibirizi, migebuka wakaanza kukaangwa na dagaa kuungwa kwa mafuta mpaka vidole vikateleza, kibuyu kilifunguliwa. Sabuni ilishuka na kijito hadi ufukweni, ikayakuta mafuta yakielea kwa mapande, ikayavunjavunja yakawa matone madogo ambayo wakazi wa kando ya maji waliweza kuyateka na kuyapeleka majumbani. Bila sabuni, mafuta yangepita hivyo hivyo na kuishia ziwani.

Ikishamaliza kazi yake, sabuni ilielea kuelekea kusini, ikapita Bangwe, Katonga, Ujiji na mdomo wa Luiche. Mwisho kabisa, pale Ilagala, Kaa walikuwa wamejipanga magando wazi. Katika kila vipande 20 vilivyofika walidaka 19. Kimoja tu ndicho kilichowaponyoka, kikazama. Vile 19 vilipakiwa vikapuni, vikapandishwa kwa njia ya mkato hadi Gombe, na Bibi Sokwe akavitia kibuyuni upya. Sabuni ile ile ilishuka na kupanda mara 6 hadi 10 kutwa moja.

Mwami Kiboko aliipenda hesabu hii kuliko kitu chochote. Kila mwaka aliwaita Kaa barazani, akawavisha shanga shingoni, ingawa kaa hana shingo, na Ngedere msemaji wake akatangaza kwamba hakuna himaya nyingine kandokando ya ziwa isiyopoteza chochote. Umati ulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kinachotokea kwa mawese yasiyopikwa.

Mawese hayakuwa ya sabuni peke yake. Kila nyumba ya himaya iliyahitaji. Yalipakwa kutani, na nyumba iliyoyakosa kabisa ilipasuka nyufa. Waliokuwa wakiyasambaza ni Nyani, kila mmoja na debe lake kichwani. Sheria yao ilikuwa moja: debe halitui mpaka mlango ufunguliwe kutoka ndani. Nyumba yenye milango mingi kuliko zote ilikuwa ya Bibi Sokwe, maana yeye ndiye aliyekuwa na chungu cha kulisha. Lakini chungu kilikuwa kimepoa. Kaa walimletea sabuni tayari, asubuhi, mchana na jioni. Angenunua mawese ya nini? Akafunga mlango mmoja, kisha wa pili, kisha wa saba. Chakula cha Kibirizi kilipozidi kuwa kizito, akafunga na mingine.

Nyani waligonga, hawakufunguliwa. Wakazunguka na mizigo yao siku mbili, siku tatu. Aliyechoka aliliweka debe kando ya njia. Mawese yakavuja, yakachacha juani, yakaganda kwenye kingo kama lami. Na njia iliyokuwa nyembamba kuliko zote ndiyo iliyoziba haraka: kile kichochoro cha mwambani kilichopeleka chakula kwa Tembo.

Tembo alisukuma gurudumu la maji la himaya nzima. Alilisukuma usiku na mchana tangu azaliwe, hakuwahi kupumzika, na hakuna aliyemfikiria mpaka asubuhi ile alipopiga magoti ghafla, maumivu yakimbana kifuani na kumtambaa mguu wa mbele wa kushoto. Gurudumu lilisita. Kutoka Gombe hadi Ilagala kila kiumbe kilihisi kizunguzungu kwa pamoja. Kisha Tembo akainuka akaendelea, lakini sasa alihema.

Baraza liliitishwa siku hiyo hiyo. Kwanza walikamatwa Nyani. Wakachapwa viboko kwa kosa la kuzurura, wakaachiwa na madebe yao yale yale kichwani, na milango ile ile ikiwa imefungwa. Kisha mawese yakapigwa marufuku sokoni. Hilo lilisaidia kidogo, nami silidharau, ila wengi hawakujua kwamba sehemu kubwa ya mawese ya himaya haikutoka sokoni hata siku moja. Nyuma ya nyumba ya Bibi Sokwe kulikuwa na kinu cha kukamua chikichi, na kinu hicho kilisaga zaidi usiku, watu wamelala.

Nisimwache msomaji akibahatisha. Bibi Sokwe ni ini. Sabuni yake ni nyongo, na mawese yake ni kolesteroli, kwa kuwa ini huzitengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Ufukwe ni utumbo mwembamba, na Kaa ni sehemu yake ya mwisho, inayozifyonza asidi hizo na kuzirudisha kwenye ini. Nyani ni chembe za LDL zinazobeba kolesteroli katika damu. Tembo ni moyo. Mawese ya kweli, ya michikichi yetu ya Kigoma, hayana kolesteroli. Ile ya chakula hutoka kwa wanyama. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, na mafuta hayo yakizidi mwilini, ini hupunguza milango yake. Nimeyachagua kwa sababu nyingine pia: mtu wa Ujiji aliyewahi kuona mama akipika sabuni anajua kwamba mafuta yanaweza kugeuzwa kuwa kitu cha kuvunjia mafuta. Akishalijua hilo, amejua nusu ya kazi ya ini.

Turudi barazani, ambako Korongo alikuwa ameingia kutoka safari ya mbali, vumbi miguuni na kikapu mdomoni. Akaamkia, akaomba nafasi, akakiweka kikapu chini. Ndani yake kulikuwa na Sifongo.

Sifongo ni mnyama, ingawa wengi humdhania mmea. Hana mdomo wa kusemea, hana macho, hana miguu. Huyu alikuwa amelelewa kwenye mdomo wa Malagarasi, mto unaopita Uvinza penye chemchemi za chumvi, na kila tundu lake lilikuwa limebeba chembe ya chumvi. Korongo akaeleza tabia yake. Mshusheni Kibirizi pamoja na chakula, alisema, lakini mlowesheni kwanza, asishuke mkavu hata siku moja, maana atakaba koo la mto. Akifika majini, atakutana na sabuni. Ataachia chembe ya chumvi na kuishika sabuni mahali pake, tundu kwa tundu, kisha hataiachia tena. Ataelea nayo hadi Ilagala, atapita mbele ya Kaa wakimtazama, ataingia ziwani. Haingii nyumba ya mtu. Hali chakula cha mtu. Ni mpita njia.

Walimshusha kesho yake, shingo upande.

Siku ya tatu Kaa walifika kwa Mwami wakilia. Vikapu vilikuwa vimepungua. Mgeni alipita mbele yao amejaa sabuni ya himaya, na magando yao hayakuweza kumbandua hata kipande. Akashtakiwa kwa wizi wa mali ya umma.

Kesi ile bado inasimuliwa. Sifongo aliwekwa kwenye karai la maji katikati ya baraza. Ngedere akamsomea mashtaka, akamtaka akiri au akane. Kimya. Ngedere akamgeukia Mwami akatangaza kwamba mshtakiwa analidharau baraza. Kaa mkubwa akatoa ushahidi kwa kunyanyua vikapu vitupu kimoja kimoja, na kwa kila kikapu umati uliguna.

Ndipo Mwami akasimama. Alikuwa msemaji mzuri, na siku hiyo alijiandaa. Aliwakumbusha kwamba kurudisha ndiyo mila ya pwani hii. Katika soko la zamani la Ujiji, alisema, bei zote zilihesabiwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Wabadilishaji walizigawa soko likifunguka, na soko likifungwa wakazikusanya kutoka kwa wauzaji, na Mwingereza Cameron aliyefika mwaka 1874 aliliona hilo kwa macho yake akaliandika. Akaendelea. Hata meli ya Wajerumani iliyozamishwa hapo hapo mdomoni mwa Malagarasi mwaka 1916, haikuachwa huko chini. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. "Chuma kilichozama miaka minane tulikirudisha," alinguruma, "leo kiumbe kisicho hata jino kitupotezee sabuni?"

Makofi yalitikisa michikichi.

Korongo alisubiri yatulie. "Mwami wangu, Liemba ilirudi ikabeba abiria. Shanga zilirudi asubuhi zikanunua samaki. Sabuni inaporudi Gombe yote, ni mlango gani unaofunguka?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wakati huo huo umati ulikuwa unapisha. Bibi Sokwe alikuwa ameteremka mwenyewe. Miaka mingi hakuonekana ufukweni. Mikono yake ilikuwa na madoa mapya ya wekundu hadi viwikoni.

"Shikamoo Bibi," walisema wote, Mwami akiwemo.

"Marahaba. Nani amesema ameibiwa?"

Kaa wakanyoosha magando.

"Wajukuu zangu," akasema, "sabuni ni yangu, na mimi sijalalamika. Juzi nilishusha kibuyu nikakikuta chepesi. Nikasema nipike. Nikatazama stoo, mawese hayatoshi. Nikafungua mlango wa mbele, Nyani wanne wakaingia na madebe. Hayakutosha. Nikafungua wa uani. Jana nimemwita fundi atoboe ukuta, aweke mingine. Nendeni mkaitazame njia."

Wakaenda. Nyani waliokuwa wakizubaa kwenye kingo walikuwa wamepungua. Hawakuwa wamekwisha, la. Palipokuwa na Nyani 100, baada ya wiki chache za kumshusha Sifongo kila siku wangebaki kati ya 70 na 85, kwa kadiri ya wingi wa Sifongo aliyeshushwa. Mawese yaliyokwisha kuganda zamani hayakuyeyuka kwa siku hizo. Lakini madebe mapya yaliyokuwa yakiachwa mwambani kwa Tembo yalipungua.

Hapa ndipo dawa hii inaponivutia kuliko nyingine. Anayedhani kwamba inakwenda kuisaka kolesteroli ndani ya damu amekosea njia. Kolestiramini, unga unaotiwa majini au kwenye maji ya matunda ukanywewa, hauingii kwenye damu. Unaanzia mdomoni na kuishia chooni. Kazi yake yote ni kushika nyongo isirudi, na ini lenyewe, likipungukiwa, ndilo linalofungua milango na kuivuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Wapo ndugu zake wawili, kolestipoli na kolesevelamu, wa tabia hiyo hiyo. Mgonjwa aliyeandikiwa mojawapo anastahili kuelezwa hivyo, kwa sababu unga wenyewe si mtamu, una changarawe ulimini, na mtu hawezi kuuvumilia kwa miaka mingi kama hajui unamfanyia nini.

Korongo naye alikuwa na ushahidi wa ng'ambo. Huko Amerika ya Kaskazini, alisema, binadamu waliwachukua wanaume 3,806 waliokuwa na kolesteroli nyingi. Nusu wakapewa unga wa kolestiramini, nusu unga usio na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 7. Matokeo yalitolewa mwaka 1984. Waliopewa dawa walipata vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo au mshtuko wa moyo kwa asilimia 19 pungufu kuliko wenzao. Wakati huo palikuwa bado na waganga waliotia shaka kama kuipunguza kolesteroli kunaukinga moyo. Utafiti ule ndio ulioufunga mjadala kwa wengi. Na mwaka uliofuata, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walipewa tuzo ya Nobel kwa kuigundua ile milango ya LDL.

"Basi ameshinda kesi," akasema Mwami, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula.

"Bado, Mwami. Sijamaliza, na Bibi hajasema yote."

Bibi Sokwe akainamisha kichwa. Ni kweli, alisema. Milango ameifungua, lakini kibuyu kilipokuwa chepesi aliingiwa na hofu, na usiku amekuwa akikizungusha kinu cha nyuma kuliko zamani. Sehemu ya mawese anayopikia anajikamulia mwenyewe. Ndiyo maana njia haikusafika zaidi.

Korongo alikuwa akilitarajia jibu hilo. Akasema kuwa huko Japani, miaka ya 1970, mtaalamu aitwaye Akira Endo alitafuta miongoni mwa maelfu ya kuvu mpaka akapata yenye uwezo wa kukikwamisha kinu cha namna hiyo. Kutokana na kazi yake zilikuja dawa ziitwazo statini. Siku hizi matibabu huanza na hizo, si Sifongo, kwa kuwa zina nguvu zaidi na ni rahisi kumeza. Sifongo huitwa pale Kuvu peke yake asipotosha, au mwili unapomkataa. Wakifanya kazi pamoja, mmoja anazuia sabuni isirudi na mwingine amekikaba kinu, Bibi hana pa kupata mawese isipokuwa kwa Nyani.

Kisha akaeleza madhara, na alipoyaeleza hakupunguza sauti. Sifongo hana macho. Hushika na asivyotumwa. Wako tarishi wanaopita ufukwe ule ule wakibeba barua muhimu: digoksini anayepeleka habari kwa Tembo, warfarini anayezuia damu isigande, thairoksini wa tezi ya shingo. Wakikutana na Sifongo atawabeba hadi ziwani na barua zao. Kwa hiyo tarishi wapite saa 1 kabla yake, au wangoje saa 4 hadi 6 baada yake. Wapo pia wasafiri wanne wanaovuka kwa kupanda mafuta, vitamini A, D, E na K. Sifongo akikaa miaka mingi, hao wachungwe wasipungue. Ufukwe wenyewe utajaa gesi na utakuwa mzito kupitika. Choo kitakuwa kigumu, na dawa ya hilo ni maji mengi na mboga za majani. Na kama himaya tayari imefurika yale mafuta mengine, traiglisaridi, asishushwe kabla ya mganga kupima, kwani huweza kuyaongeza.

Kwenye kiti cha nyuma alisimama Digidigi, sauti ikimtetemeka. Nyumbani kwao, alisema, milango ilikuwa mibovu tangu kuzaliwa, ya baba na ya mama pia. Je, Sifongo atawafaa?

Korongo alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyokaa kwa swali la Mwami. Akamwambia kwamba palipo na nusu ya milango mizima, Bibi anaweza kuifungua hiyo na ikaleta nafuu. Pasipo na mlango hata mmoja unaofunguka, Sifongo atapita bure, na njia nyingine itatafutwa, mapema, mtoto angali mdogo. Nililazimika kuliweka swali la Digidigi hapa, kwa kuwa ugonjwa huo wa kurithi upo, na watoto wa namna hiyo hupata mshtuko wa moyo katika umri ambao wenzao wanajifunza kuogelea. Ukoo ambao watu wake wamekufa ghafla kwa moyo wakiwa vijana, wapimwe damu wote.

Hukumu ikatolewa. Sifongo akaachiwa huru. Kaa hawakufukuzwa kazi, kwa maana bado walidaka sabuni aliyoshindwa kuibeba, ila shanga zao za mwaka huo zilipelekwa kwa Tembo. Ngedere akatumwa kupiga mbiu Ujiji, Mwanga na Kibirizi kutangaza saa za tarishi. Ile sabuni iliyokwenda na Sifongo ilikwisha kuzama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Mwami alitaka ipelekwe timu ya wapiga mbizi, akashauriwa vinginevyo.

Tembo ndiye aliyeuliza swali la mwisho. Alikuwa hajaliacha gurudumu; aliuliza akiwa anasukuma. "Korongo, huyu mgeni atakaa mpaka lini?"

"Kila siku, mzee wangu. Siku mtakayoacha kumshusha, vikapu vya Kaa vitajaa, kibuyu kitakuwa kizito, na Bibi ataanza tena kufunga mlango mmoja mmoja."

Mwami akafungua kinywa aseme neno kuhusu gharama. Lakini Bibi Sokwe alikuwa ameshampa fundi vipimo vya mlango mwingine, na Nyani wawili walikuwa njiani kwenda Mwanga kuchukua mbao.